Kifurushi Chenye Jina Lako

Uncle Jassi,

Leo asubuhi nimetoa jina lako kwenye Chanjo, ile programu yako ya zahanati, nikaweka langu. Nimeona ni heri uisikie kutoka kwangu. Usikasirike bado. Ngoja nikueleze vile mambo yalikwenda, pole pole, kwa sababu wewe hukupenda mtu akuanzishie habari kutoka mwisho, na mimi ndiyo nimeshafanya hivyo.

Niko Ruiru, dukani kwetu. Yule mama wa chapati aliyekuwa mbele ya mlango amehamia karibu na stendi, na mahali pake kuna kijana anauza vifuniko vya simu na muziki wa kelele. Ungemchukia kwa wiki moja kisha ungeanza kumtengenezea spika. Pickup yako ya bluu Auntie alimpa fundi wake wa Makongeni. Nilimwona nayo barabarani akiisukuma, nikajua bado ni ileile. Kompyuta za zamani bado zinaletwa na watu, tunazisafisha, tunaziwekea Linux, ule mfumo wa bure, zinaenda shuleni na kwenye zahanati. Natumia "tu" ya sisi wawili kwa mazoea.

Siku tulipokuaga kule Thika, mama yangu alikuja kutoka nyumbani akiwa amevaa koti lake la kanisani, ameshika ua moja. Akaniuliza kwa sauti ya chini kaburi liko upande gani. Nikamwambia Kalasinga hawazikwi, wanachomwa, halafu majivu yanapelekwa mtoni. Akalizungusha lile ua mkononi. Halafu akasema, "Sasa tutakuwa tukimtembelea wapi?"

Pengine ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na jambo litakalokufurahisha. Unakumbuka jinsi ulivyokuwa ukigombana na apt, kile chombo cha Linux cha kuleta na kuondoa vifurushi vya programu? Kwamba ukiiambia isasishe mashine, inakumwagia majina ya vifurushi skrini nzima, na katikati ya hayo majina, bila aibu, imeficha vile inavyotaka kuondoa? Ile shule ya upande wa Juja ilipoteza programu ya kupiga chapa kwa sababu katibu alibonyeza "ndiyo" bila kusoma, na wewe ukasema kosa si la katibu. "Mtu akitaka kubomoa ukuta wa nyumba yangu, asiniambie katikati ya salamu." Ukawaandikia watengenezaji barua pepe bila hata hujambo. Mimi nilitaka kuongeza "tafadhali" ukanikataza.

Basi, Uncle, imebadilika. Toleo jipya linapanga vizuri. Vinavyoingia viko peke yao kwa rangi ya kijani, na vinavyoondolewa viko peke yao, mwisho kabisa, vyekundu kama pilipili. Sidhani ni kwa sababu yako, lazima watu wengi walilia kama wewe. Lakini nilipoiona mara ya kwanza nilipiga makofi nikageuka kukuita. "Uncle, kuja uone!" Nilisema kwa sauti kabisa. Mteja aliyekuwa akisubiri chaja aliangalia kiti chako, kile cha magurudumu chenye mkono mmoja, kisha akaniangalia mimi, kisha akasema, "Pole, madam."

Siku hiyo ndiyo nilihamia kiti chako. Nikaona bora niwe nimekikalia kuliko kila mtu akikiangalia kikiwa kitupu.

Wewe ulikuwa mtu wa kukasirishwa na vitu ambavyo wengine hawavioni. Siku ile tulikuwa Kahawa Wendani, kwenye ofisi ya yule mwenye hosteli, mashine mbili za aina moja zimewekwa bega kwa bega. Mimi niliandika apt upgrade kwa sababu ni fupi. Wewe uliandika apt-get upgrade, amri ya zamani, kwa sababu ndivyo ulivyozoea tangu nywele zako zilipokuwa nyeusi. Neno ni lilelile, upgrade, yaani sasisha. Yangu ikaingiza vifurushi vipya iliyovihitaji ikamaliza. Yako ikaweka vingine kando, ikakwambia imevizuia. Ukasukuma kiti nyuma. Ulitazama skrini yangu, ukatazama yako, ukakunja uso kama mtu aliyepewa chai bila sukari.

"Wairimu, hawa wawili ni ndugu, wanakaa nyumba moja. Neno moja linawezaje kuwa na maana mbili?"

Nikakwambia kwetu iko hivyo. Mama akisema "Wairimu, kuja," nilikuwa naenda kula. Baba akisema "Wairimu, kuja," nilikuwa naenda kuchapwa.

Ulicheka mpaka mwenye hosteli akaja kuangalia kama kuna kitu kimeharibika. Lakini njiani kurudi ulikuwa umeshaanza tena. "Chombo kikibadilisha tabia, kibadilishe na jina. La sivyo ni uongo." Nilikuuliza kama na watu pia wabadilishe majina wakibadilika. Ukawasha redio ambayo tangu nikujue haikuwahi kushika stesheni yoyote.

Sasa nije kwa Chanjo.

Unajua jinsi Sister Mumbi alivyokuwa akikusifu. Kila mgeni akifika pale zahanati ya Gatuanyaga, lazima aonyeshwe ile programu uliyoitengeneza, ya kumwambia ni mtoto gani amepata sindano gani na gani bado. Nakumbuka siku ulipomweleza kifurushi ni nini. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta, na wewe ukachukua boksi la dawa mezani kwake. "Sister, programu inafika imefungwa kama hii. Ndani kuna dawa. Nje imeandikwa ni nini na inaenda pamoja na nini. Na hapa juu kuna muhuri wa aliyefunga. Ukikuta muhuri umevunjika, utampa mgonjwa?" Sister akasema, "Siwezi." Ukamwambia, "Basi na kompyuta pia haiwezi." Tangu siku hiyo hakuwahi kuniuliza swali la kijinga, na mimi nilijifunza zaidi kwenye lile boksi kuliko kwenye kozi nzima niliyofanya.

Muhuri wenyewe ulikuwa wako. Ulikuwa na ufunguo wako wa siri ndani ya laptop yako, umefungwa kwa nenosiri, na kila toleo la Chanjo ulilitia sahihi kwa huo. Mashine zote za zahanati, na nyingine zilizochukua programu kutoka kwenye hifadhi yetu, zilifundishwa kuitambua sahihi hiyo na kuikataa nyingine. Mtunzaji wa kifurushi: Jaswant, Thika. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Miezi michache baada ya kukuaga, kanisa lililojenga ile zahanati lilimletea Sister kompyuta mpya, maana ile ya zamani ilikuwa ikipiga kelele kama posho mill ya kusaga unga. Nikaenda Gatuanyaga na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikaweka Linux mpya kabisa, toleo la mwisho. Halafu nikaiambia ichukue Chanjo kutoka kwenye hifadhi yetu, kama tulivyofanya mara ngapi sijui.

Ikakataa.

Nikadhani nimekosea herufi. Nikaandika tena. Ikakataa tena, kwa adabu. Ilisema sahihi iliyoko imetengenezwa kwa mbinu ya zamani ambayo siku hizi ni dhaifu, kwa hivyo haiwezi kuiamini. Nikageukia mashine ya zamani pale pembeni, nikaandika amri ileile, neno kwa neno. Hiyo ikanipa onyo la mstari mmoja, ikaendelea na kazi.

Sister alikuwa amesimama nyuma yangu na glovu mkononi. "Kwani hizi hazikuzaliwa na mama mmoja?"

"Mama ni mmoja, Sister. Hii ndogo imelelewa wakati mwingine."

"Na inasema nini kuhusu Singh?" Hakuwahi kukuita Jassi.

Sikutaka kusema, Uncle. Nilijua si wewe. Nilijua ni hesabu tu, kwamba ufunguo uliutengeneza zamani sana, kwa njia iliyokuwa nzuri wakati ule, na wezi wa dunia wamekuwa wajanja tangu hapo. Chombo kilichokuwa kikionya sasa kinakataa, na kwa kweli kinafanya vizuri. Lakini kulisoma hilo kwa sauti mbele ya Sister, katika chumba ulichokuwa ukikaa unakula njugu zake... "Inasema sahihi yake haiaminiki tena," nikasema.

Sister alivua glovu moja, akaikunja, akaitupa kwenye ndoo. "Basi ni mjinga," akasema, na akatoka kumwita mgonjwa.

Nilirudi Ruiru bila kuweka kitu. Jioni nikampigia Kamau, yule rafiki yangu anayefundisha mambo ya kompyuta chuo kimoja huko Juja. Unamjua, uliwahi kubishana naye harusi nzima ya dada yake. Alinisikiliza halafu akacheka. "Wairimu, si u-bypass tu hiyo kitu. Unaandika hapo iamini bila kuuliza, imeisha. Nani atajua?"

Ni kweli, ni mstari mmoja tu. Nilikuwa nimeshafungua faili, mshale wa skrini ukipepesa mahali pa kuandika. Nikakusikia kabisa: "Mashine ya zahanati ikianza kukubali bila kuuliza, itakubali hata mwizi." Nikafunga. Nikamwambia Kamau nitatafuta njia nyingine. Akasema, "Sawa, lakini usiifanye iwe matanga ya pili." Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amegusa penyewe.

Njia nyingine ilikuwa moja tu. Ningepata nenosiri lako, ningeufungua ule ufunguo, niutie sahihi upya kwa mbinu ya siku hizi, na jina libaki lako. Kwa hivyo Jumapili baada ya kanisa nikaenda Thika kwa Auntie.

Alinipokea mlangoni akanishika mikono miwili. Nyumba ina harufu ileile, tangawizi na uvumba, ila ni kimya. Viatu vyako bado viko kwenye rafu. Laptop yako alikuwa ameifunika kwa kitambaa cheupe kilichoshonwa maua, kama vile watu hufunika redio zamani. Alileta chai, akaleta na zile mathri zako, biskuti za chumvi, akaketi kando yangu akaweka miwani.

Tulianza na majina ya watoto. "Jaribu Kiran. Herufi kubwa mwanzo. Sasa ndogo. Sasa weka mwaka aliozaliwa." Hapana. Tukajaribu jina la kijiji cha babu yako. Tukajaribu mbwa wenu wote, hata yule aliyekuuma. Tukajaribu namba ya pickup. Auntie alianza kufurahia. Kila jina lilikuja na hadithi yake, mengine tulisahau hata kuyaandika. Akanieleza jinsi mlivyoendesha usiku mzima kutoka Kisumu na tairi la kuazima, jinsi ulivyomfundisha baba yake kucheza karata ukamshinda siku ya posa, ikabaki kidogo uikose. Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini.

Halafu akasema kama mtu anayetaja kitu kisicho na maana, "Jaribu jina langu."

Nikaandika Manjit. Haikufunguka.

"Umeandika vizuri?"

Nikaandika tena, polepole, nikimwonyesha kila herufi. Nikajaribu kwa herufi ndogo. Nikajaribu na mwaka wa harusi. Haikufunguka.

Alisema chai imepoa, akaenda jikoni. Chai haikuwa imepoa, Uncle. Alikaa huko muda mrefu. Nilisikia maji yakifunguliwa na kufungwa, yakifunguliwa na kufungwa, na sikujua kama niende au nibaki. Nilibaki. Nilitazama ile laptop nikakuchukia kidogo, samahani. Si ungeweka tu jina lake? Hata kama si salama?

Aliporudi alikuwa ameosha uso. Akaketi, akavuta kile kitambaa, akaanza kukinyoosha kwenye goti lake.

"Miaka hii yote nilidhani kila kitu cha huyu mtu nakijua. Hata meno yake ya bandia nilikuwa naosha mimi. Kumbe kuna kitu kimoja alikuwa nacho peke yake." Akafikiri. "Mwachie."

"Lakini Auntie, bila hiyo jina lake litatoka."

Akanitazama juu ya miwani, vile ulikuwa ukisema anakutazama ukirudi na mashine mbovu nyingine. "Wairimu. Kwani wewe huna jina?"

Akaifunika laptop, akanifungia mathri zilizobaki kwenye karatasi.

Ungefikiri nilienda nyumbani nikafanya kazi. Sikufanya. Nilijiambia nina wateja wengi. Nilitengeneza printa ambazo hakuna aliyeniuliza. Ile kompyuta ya zamani pale zahanati bado ilikuwa inasukuma siku, na mimi nilikuwa nimeshanakili kila kitu kilichokuwa ndani yake, majina ya watoto na mipangilio yote, nikaleta dukani kwa usalama. Nikasema haraka ya nini.

Halafu asubuhi moja ya kliniki simu ikalia. Sister Mumbi. Nyuma yake watoto wanalia kama kwaya.

"Wairimu, ile kompyuta imekufa. Imetoa moshi."

"Pole, Sister. Nitakuja—"

"Ngoja. Kuna mama hapa, ametoka mbali. Kadi ya mtoto imeliwa na mbuzi. Mimi sijui huyu mtoto nimpe nini na nisimpe nini. Na mama hakumbuki, yeye anajua tu alidungwa mguu."

Nikamwuliza jina la mtoto na la mama yake. Nikafungua ile nakala, faili lenyewe tupu bila Chanjo ya kulipamba, mistari na alama za mkato tu. Nikatafuta kwa jina la mama. Nikampata. Nikaanza kumsomea Sister, hii amepata, hii amepata, hii bado, na yeye akirudia kila moja kwa sauti kama anaimba litania. Mwishowe akasema, "Bado moja tu. Asante. Mshikeni mguu." Nikamsikia mtoto akipiga yowe moja la hasira, halafu mama yake akicheka kwa kufarijika.

Sister hakukata simu mara moja. Akasema, "Sasa mimi leo nina foleni mpaka nje. Nitakuwa nakupigia kwa kila mmoja?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilikaa na ile simu sikioni hata baada ya kukata. Wewe Chanjo hukuitengeneza ili jina lako likae kwenye kioo. Uliitengeneza ili mama aliyetoka mbali asirudishwe.

Foleni yote ile siku ile tuliimaliza kwa simu, mmoja mmoja. Na leo asubuhi, kabla kijana wa vifuniko hajafungua muziki wake, nikatengeneza ufunguo wangu. Mashine inataka jina kamili. Niliandika Wairimu, nikalitazama. Halafu nikafungua lile faili dogo la kifurushi, pale palipoandikwa mtunzaji. Nilifuta herufi moja moja kuanzia mwisho, Uncle. Sikuchagua yote na kufuta kwa mpigo. Nilipofika kwenye J nilisimama kidogo.

Lakini sikiliza. Unajua kwamba kila toleo lina habari zake, nani alibadilisha nini. Hizo hazifutwi. Toleo jipya linaandikwa juu, ya zamani yanabaki chini yake yalivyo. Kwa hivyo juu kabisa nimeandika: mtunzaji mpya, sahihi mpya, kwa sababu wa kwanza amefariki. Na chini yake ni wewe, na chini yake ni wewe, mpaka mwanzo, mpaka pale ulipoandika "toleo la kwanza, Sister analalamika herufi ni ndogo." Nilikuwa sijawahi kusoma mpaka huko chini. Nilisoma yote. Kuna mahali umeandika tu "Wairimu alikuwa sahihi," bila kusema kuhusu nini. Na mimi sikumbuki! Ungeniambia wakati ule ningekutesa nayo mwaka mzima.

Kwa vile sahihi yako haiwezi kunitambulisha, itabidi niende kwa kila mashine kwa mkono, nikaifundishe kunijua. Nimeanza na Gatuanyaga leo hii, na ndiko nilikotoka sasa. Kwanza nilirudisha mipangilio ya ile mashine ya zamani kwenye mpya, halafu nikaiambia iweke Chanjo. Ikauliza sahihi ni ya nani, ikaitambua, ikaendelea. Nilikuwa nimeanza kupumua. Halafu ikasimama.

Lile swali, Uncle. Lile ulilokuwa ukilipenda. Ulisema ndilo swali la adabu kuliko yote kwenye kompyuta, kwamba hapa pana faili la mipangilio ambalo mtu amelibadilisha kwa mkono wake, na kifurushi nacho kimeleta lake. Nichukue la mtunzaji, au nibakishe lililopo? Ulikuwa ukisema ndiyo maana hutaki ile Linux ya ukoo mwingine kwenye ile maktaba ya Juja, kwa sababu yao haiulizi. Mara inaacha lako na kuweka jipya pembeni kimya kimya, mara inaweka jipya na kulibadilisha lako jina, na wewe unabaki kutafuta ni nani kahamisha sufuria. Hii yetu inauliza.

Ila sasa mtunzaji ni mimi. Ilikuwa inaniuliza kati ya faili langu na la mtu mwingine.

Sikujua umebadilisha nini pale. Nikabonyeza D, ili inionyeshe tofauti. Ilikuwa mistari michache tu. Ukubwa wa herufi, umeuongeza karibu mara mbili. Rangi ya nyuma, umeitoa ile nyeupe inayochoma macho ukaweka ya maziwa. Na kando yake, kwa mkono wako, maneno ambayo kompyuta haiyasomi, yameandikiwa mtu: "Macho ya Sister. Usiguse."

Nililia, Uncle, kwa mara ya kwanza tangu Thika. Kule nilishindwa kulia, na watu waliona nina roho ngumu. Nililia pale kwenye kiti cha plastiki, na akina mama wakinitazama kupitia dirisha na watoto wao. Sister akaja akaniwekea mkono mgongoni akafikiri kompyuta imekataa tena. "Wachana nayo," akasema. "Tutaandika na kalamu." Nikatikisa kichwa. Nikabonyeza N. Bakisha lililopo.

Chanjo ikafunguka. Herufi kubwa, rangi ya maziwa. Sister akaketi, akaandika jina la mtoto wa kwanza kwenye foleni kwa kidole kimoja, vile ulivyomfundisha na vile nilivyoshindwa kumrekebisha.

Zimebaki mashine nyingine, Wendani, Juja, na zile za huku Ruiru. Nitazifikia zote. Vyombo vitaendelea kubadilika tabia bila kubadilisha majina. Nitakuwa nikinung'unika kwa niaba yako, lakini nitaweka "tafadhali." Nakuahidi sitaweka ule mstari wa Kamau kwenye mashine yoyote. Nakuahidi nikikuta kitu ambacho mtu amekibadilisha kwa mkono wake, nitasoma kwanza kabla sijachagua. Na ufunguo wangu nimeutengenezea wa akiba, nikampitishia Auntie Thika njiani kurudi pamoja na nenosiri lake, naye akataka kujua mara moja ni jina la nani. Nimemwambia. Akacheka, akasema atanyamaza.

Pumzika, Uncle. Usibishane na kila mtu huko.

Nikiwa narudi, pikipiki imeshawaka, Sister alitoka mpaka getini akapaza sauti juu ya ule mlio. Amesema nikikuandikia, nikuambie anaona vizuri.

Wairimu